Walisema Amefufuka

Bisimwa alipopanda ngazi za mtaa wa Kadutu akiegemea mkongojo, watu waliokuwa wamelia matanga yake walimkimbia kwanza, kisha wakamrudia na kumpapasa mikono kama wanaokagua kitambaa sokoni. Mkewe Nsimire, bado katika nguo nyeusi za ujane, alikaa chini pale pale mlangoni.

Shimo la dhahabu alimokuwa akichimba lilikuwa limeanguka kule Luhwindja. Ulitolewa mwili mmoja, uso umepondeka hautambulikani, lakini mfukoni mwa koti mlikuwa na kadi ya uchaguzi ya Bisimwa. Wakauleta Bukavu, wakauzika. Yeye mwenyewe alitolewa baadaye, upande mwingine wa mlima, akalazwa katika zahanati ya kijijini, mguu umevunjika na akili imeruka. Majuma yalipita kabla hajakumbuka hata jina lake.

Sasa mtaa mzima ulitafuta neno la kumwita. Majirani walisema amefufuka. Mchungaji Mardochée, ambaye kanisa lake la uamsho liko nyuma ya nyumba, alisema amezaliwa mara ya pili, na akamtaka atoe ushuhuda Jumapili. Baba mkwe, Mkatoliki asiyekosa misa, alikasirika: mtu huzaliwa upya kwa maji ya ubatizo, si kwa kutolewa shimoni. Shemeji yake Guy, mwalimu wa Kifaransa, alileta neno renaissance, yaani kuzaliwa upya, wote wakacheka.

Bisimwa hakucheka. Akiketi, anainuka. Akipewa chakula, anasukuma sahani. Anatoka uani, anarudi, anatoka tena. Nsimire alimuuliza kama ni mguu unaomsumbua, akajibu kwamba si mguu.

Alijua koti lake lilikuwa limevaliwa na nani. Asubuhi ile kulikuwa na baridi kali, na Christophe, mwenzake wa shimo, alikuwa anatetemeka kwa homa. Bisimwa alimvika koti lake kwa mikono yake mwenyewe.

Kisha alisikia habari za mama yake Christophe, Maman Madeleine, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Walisema tangu Bisimwa arudi, mama huyo amefua mashuka ya mwanawe, ambaye hajaonekana tangu shimo lianguke, na kutandika kitanda. Kama Bisimwa amefufuka, husema mama, basi na wake yuko njiani.

Jumapili, kwaya ikiimba na mchungaji akimngoja, Bisimwa aliteremka ngazi kwenda kwa mama huyo. Alimkuta akipanga samaki kwenye kitunga. Bisimwa alikataa kiti alichopewa.

"Maman, ule mwili walizika, ilikuwa ya Christophe. Alikuwa amevaa koti yangu. Mimi ndiye nilimupatia."

Maman Madeleine aliendelea kupanga samaki. Aliuliza kama alimwona kweli. Bisimwa akamweleza yote: homa, baridi, namna Christophe alivyotangulia kuingia. Mikono ya mama ikasimama.

"Na wanasema wewe umefufuka."

"Ndivyo wanasema."

"Yesu alifufuka, kaburi ikabaki wazi. Yako iko na mutu ndani. Ule ni mutoto wangu."

Bisimwa akauliza, kwa sauti ndogo, aseme nini basi watu wakimwuliza.

"Sema umebakia," alisema mama. "Umebakia, mwenzako alienda. Usiongeze kitu."

Hapo ndipo alipolia, na Bisimwa, aliyekuwa hajatulia tangu arudi, alisimama tuli mbele yake mpaka kilio kikapungua.

Siku hiyo hiyo walipanda pikipiki mbili mpaka makaburini. Mama aliung'oa msalaba wenye jina la Bisimwa, akamkabidhi, akapiga magoti kwenye udongo.

Matanga ya Christophe yalifanyika juma lile. Mchungaji Mardochée hakuja. Alisema amenyimwa ushuhuda mbele ya waumini. Baba mkwe alikuja na rozari. Nsimire alikuwa ameshavua nguo nyeusi, akazivaa tena kwa ajili ya mwana wa Maman Madeleine, akakaa na wanawake jikoni.

Bisimwa alisimama mlangoni kupokea wageni, kama ndugu wa marehemu. Wengine walimshika mkono wakimwita mfufuka.

"Nimebakia," aliwajibu, na kuwaonyesha mahali pa kukaa. Yeye mwenyewe aliletewa kiti mara kadhaa. Kila mara alikaa kidogo, akainuka.