Baba wa Marehemu Atajibu

Msemaji wa polisi alimwekea fundi viatu kola sawa, kama binti anayempeleka babake harusini, kisha akamuuliza kwa upole kama amekunywa chai. Fundi alisema amekunywa. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mwanawe afie mahabusu.

"Wakiuliza habari za kupigwa, baba, niachie mimi. Wakiuliza kifafa, hapo ndipo utakaposema."

"Na mwili?"

"Tukimaliza tu, gari litakupeleka mochwari. Wala hutangoja."

Mkewe alikataa kuja. Alisema kama mwili hautoki bila uongo, basi wakae nao wenyewe. Ni rahisi kusema hivyo kwa aliyebaki nyumbani, fundi aliwaza. Yeye ndiye aliyekuwa akirudishwa mlangoni mochwari, akiambiwa ruhusa inatoka kwa polisi.

Ukumbini waandishi walikaa wamebanana. Mmoja aliuliza kijana aliumia wapi. Msemaji akasema uchunguzi unaendelea. Mwingine aliuliza nani alikuwa zamu. Akashukuriwa kwa swali zuri, na jina halikutajwa. Fundi aliyatazama maswali yakipokelewa kwa tabasamu na kuwekwa kando, akaanza kutumaini kwamba muda utaisha kabla hajafikiwa.

Ndipo dada mmoja wa redio akasimama. Hakumtazama msemaji.

"Mzee, pole sana. Mwanao alikuwa na kifafa kweli?"

Msemaji akamsogezea kipaza sauti. "Baba wa marehemu atajibu."

Mwanawe alikuwa mbeba mizigo sokoni. Hakuwahi kulazwa hata siku moja. Magunia aliyapandisha ghalani huku anaimba, mpaka wenzake wakimwambia anyamaze.

"Tangu utotoni," fundi alisema.

Wakaandika. Msemaji alimgusa bega, akafunga mkutano.

Gari lilikuwepo kweli, na mochwari safari hii walimwita mzee wetu. Mdogo wake fundi aliingia na pamba na nguo, kumwosha na kumvisha marehemu. Fundi akaketi kwenye benchi nje, alipokuwa mkewe, ambaye alikwisha kusikia yote redioni. Mkewe alisogea hadi mwisho wa benchi.

Jirani mmoja alikuja kuwapa pole. Kisha akamwambia fundi kwamba wamemsikia, na amejieleza vizuri.

Mlango ukafunguka. Mdogo wake alisimama hapo, mikono imelowa, macho ameyaelekeza ukutani.

"Kaka," alisema, "pamba haitoshi. Tafuta nyingine."