Mke wa Fundi Pole

Macho ya Fundi Pole yalianza kumtupa kwenye rangi. Asubuhi moja, akiwa ameinamia mota ya pampu, alimwita mkewe aliyekuwa upande wa pili wa chumba akishona sare za shule.

"Mama watoto, hebu njoo. Huu waya ni wa kahawia au mweusi?"

Mkewe alidhani anataniwa. Mumewe alikuwa fundi wa mota tangu kabla hawajaoana. Watu walimwita Fundi Pole kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi mbiombio, na mota aliyoitengeneza ilikuwa nadra kurudishwa. "Mweusi," alijibu, akarudi kwenye cherehani yake. Baada ya muda akaitwa tena. Alipoitwa mara nyingine hakurudi kushona. Alivuta kigoda akakaa.

Daktari aliwaambia ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha potea haurudi. Walitoka hospitali wameshikana mikono kama wachumba mpaka walipokaribia nyumbani. Hapo Fundi Pole akasimama.

"Wewe unajua kufuata uzi," alisema. "Koili nayo ni uzi, ila wa shaba."

"Uzi wangu hauui mtu, baba watoto."

"Ndiyo maana nitakufundisha kuogopa kwanza. Kuunga kutafuata."

Walianza na mota ndogo ya cherehani yake mwenyewe, ile yenye vipande viwili vya makaa vinavyosugua katikati. Kabla hajagusa skrubu, mumewe alimtaka achomoe plagi na kuipakata. "Ikae mapajani kama mtoto," alisema. "Usimwachie mtu mwingine kitu kinachoweza kuuamsha umeme." Mkewe alicheka, lakini aliipakata. Hata testa, bisibisi ya kupimia umeme, hakuruhusiwa kuiamini hivi hivi: aijaribu kwanza penye umeme, kisha kwenye waya anaotaka kuushika, kisha tena penye umeme, maana testa nayo hufa kimyakimya.

Wakaja kwenye mota za pampu, za fezi moja, zenye koili ya kuanzia na koili ya kuendeshea. Hizo zilikuwa na kapasita, kikopo kidogo kisicho na makuu. "Huyu mnafiki," Fundi Pole alimwonya akikipapasa. "Umeme umeshakatwa, yeye bado amebana wake kifuani. Mtoe pumzi kwa balbu, mpaka umeme wake uishe, kabla hujamshika." Siku moja mkewe akasahau balbu. Alirushwa mpaka kigoda kikapinduka.

"Amekusalimia?" mumewe aliuliza.

Mkewe alitaka kumjibu vibaya. Lakini aliona vile mikono ya mumewe ilivyokuwa ikipapasa hewani kumtafuta, na usoni bado amebandika kicheko chake. Akampa kiganja.

Kilichomchosha kuliko yote ni maneno. Kila akisema "huu unaingia hapa," mumewe alikuja juu: "Hapa ni wapi? Mimi naona hapa?" Ikabidi ajifunze kuita kila ncha kwa jina: mwanzo wa koili ya kwanza, mwisho wa koili ya pili, juu, chini, kulia. Walikuwa wakigombana mpaka jirani anapunguza redio asikilize. Baadaye, wakila, mmoja alianza kucheka na mwingine akafuata.

Mota za fezi tatu zilikuja mwisho. Koili tatu, ncha sita, na njia mbili za kuziunga: nyota, miisho yote mitatu ikikutana pamoja; au pembetatu, mwisho wa kila koili ukishika mwanzo wa mwenzake. "Soma bamba la mota," mumewe alisisitiza. "Likisema nyota wewe ukaunga pembetatu, utaichoma mchana kweupe. Ukikosea upande wa pili, itaguna tu, haina nguvu."

Mota yao ya kwanza ya namna hiyo nje ya nyumba ilikuwa ya kiwanda cha kupasua mbao. Mwenye kiwanda aliona mwanamke kabeba mkoba wa vifaa na mzee kamshika bega, akauliza fundi yuko wapi. "Tumekuja wote," alijibu Fundi Pole. Mkewe alizima swichi kuu, akafungua mkoba kutafuta kufuli la kuifungia mtu asiiwashe, akakuta halimo. Lilibaki mezani nyumbani.

"Turudi tukalichukue," alisema.

"Nenda kafanye kazi. Kufuli ni mimi."

Fundi Pole akavuta kigoda cha pale kiwandani, akakaa, mgongo umeegemea mlango wa kisanduku cha swichi.

Mkewe alikuwa nyuma ya rundo la mbao, mikono imezama kwenye boksi la nyaya, aliposikia makelele. Mpasuaji mmoja alikuwa amerudi kutoka kula. Alikuta mashine zote kimya, akadhani fyuzi imekatika.

"Mzee, sogea niwashe. Wewe huoni watu wanataka kazi?"

"Sioni, kweli. Lakini huwashi. Mke wangu yumo ndani ya mota."

Mpasuaji alicheka, akamvuta. Fundi Pole alipeleka mikono nyuma akakikumbatia kisanduku, shati likachanika begani mpaka kwapani, na hakuachia. "Mke wangu yumo ndani!" alipiga ukelele, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Mkewe alitoka mbio na bisibisi mkononi. Yule mpasuaji alipomwona, na vidole vyake vyeusi kwa grisi, alimwachia mzee. Akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akaomba radhi na kuomba tena.

Mota iliwashwa mkanda wa msumeno ukiwa haujavishwa bado, ikazunguka kinyume. Fundi Pole aliinamisha kichwa akisikiliza mkewe akimweleza, kisha akatabasamu: abadilishe nafasi za nyaya mbili kati ya tatu zinazoleta umeme, zozote mbili. Swichi ikazimwa tena, naye akarudi kwenye kigoda na shati lake lililochanika, akakaa mlangoni pa kisanduku mpaka mkewe alipomaliza. Safari hii ilizunguka sawasawa.

Walifanya kazi hivyo kwa miaka, mpaka maradhi mengine yakamchukua mumewe. Sasa karakana ni yake, na mafundi wanampigia simu kuuliza. Anawajibu vizuri. Anachokikumbuka zaidi, hata hivyo, hakina uhusiano na kuunga nyaya.

Anakumbuka zile alasiri walizoiacha mota iliyokamilika izunguke mezani ili waone kama itapata moto kupita kiasi. Mumewe aliweka kiganja juu ya mgongo wa mota, akawa anamwambia: vuguvugu, bado vuguvugu, nzuri hii. Halafu maneno yakakatika. Alipogeuka alimkuta amesinzia, kiganja palepale, mota ikinguruma taratibu chini yake. Jaribio lilikuwa limekwisha zamani. Yeye alirudi kushona, akaiacha izunguke, asije akamwamsha kwa kuizima.