Mapaa Yaliyomwamkia Binti Fundi

Jumatano moja, saa nne asubuhi, Binti Fundi alitoka karakana ya baba yake kwenda kununua kilo mbili za misumari ya inchi nne. Alipofika mbele ya nyumba ya mshonaji, paa la nyumba ile liliinama shubiri moja, likatulia mpaka alipopita, kisha likainuka. Mshonaji, aliyekuwa kibarazani na tepu shingoni, alisogeza kiti akaendelea kupinda suruali.

Tangu siku hiyo kila paa ambalo mbao zake alizikata yeye lilimwamkia. Watu walizoea upesi. Waliteremsha vyombo kutoka rafu za juu, na mama mmoja mwenye tangi la maji juu ya nyumba alimwomba apitie njia ya nyuma siku za kufua. Binti Fundi alikubali. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mgongo ulishaanza kumlalamikia, na hakuna aliyewahi kumwita fundi. Fundi alikuwa baba yake, na fundi mdogo alikuwa mdogo wake wa kiume.

Binti Fundi alimpenda huyo mdogo wake, asikudanganye mtu. Alikuwa mcheshi, na mteja aliyeingia amenuna alitoka amesahau alichokuja kulalamikia. Ila ngazi ya futi kumi ilimtoa jasho. Tena kila alipopima kombamoyo, zile mbao za mteremko zinazopanda kutoka ukutani kukutana na mwamba, boriti ya kileleni, alisahau kupunguza nusu ya unene wa mwamba. Zikizidi urefu namna hiyo, husukuma kuta. Dada yake alizikata upya kimyakimya kabla hazijapandishwa.

Karakana yao ilikuwa na desturi: kabla ya kuezeka mabati, aliyekata mbao huchovya kiganja kwenye chokaa na kukipiga kwenye mwamba. Kwa miaka ishirini na miwili baba alimpandisha mwanawe wa kiume, macho kayafumba, akapige kiganja. Atakayerithi karakana ndiye anayepaswa kujulikana, alisema. Binti alishika ngazi.

Habari za mapaa zilipomfikia, mzee alimtuma mwanawe apite mtaa mzima, naye akamfuata nyuma na mkongojo wake. Hakuna hata bati moja lililotikisika. Kisha akamtuma binti. Mtaa wote uliinama, hata zahanati. Mzee aliangalia, machozi yakamlengalenga.

"Umeyalea vizuri, mama," alisema. "Yana adabu."

Binti Fundi alirudi nyumbani moyo mweupe. Jumapili baba angestaafu na kukabidhi timazi, ile kamba yenye pia ya shaba aliyoachiwa na babu, na atakayeishika ndiye fundi. Hakutaka kitu kingine duniani. Alipiga pasi gauni lake mara mbili.

Jumapili ilipofika, wageni walijaa sebuleni kwa baba. Nyumba ya baba ndiyo iliyokuwa na paa lake la kwanza, alilolikata akiwa na miaka kumi na tisa. Alipovuka kizingiti lilishuka kuliko mengine yote, likaja na dari yake mpaka usawa wa vifua vya watu. Wageni wakachuchumaa, sahani mapajani, hotuba zikaendelea. Baba naye alichuchumaa, goti likimuuma, akamsifu binti yake kwa maneno matamu ambayo hakuwahi kuyasema. Kisha akamkabidhi timazi mwanawe wa kiume.

Watu walipiga makofi kwa uangalifu, viwiko visigonge dari.

Ilimuuma Binti Fundi, ilimuuma sana. Hata hivyo alimpangusa baba yake vumbi la dari mabegani.

"Mama," baba alimnong'oneza, "hebu kakae nje kidogo, wageni wanyooshe miguu."

Akatoka. Paa likapanda, watu wakasimama wakishukuru. Aliketi kwenye benchi ukutani, na ukingo wa paa ulibaki umeinama kidogo upande wake, kumkinga jua.

Dirisha likafunguliwa. Mdogo wake alichungulia, timazi shingoni.

"Samahani, dada. Kesho tuna ile kazi ya paa la shule. Kwenye kombamoyo tunapunguza unene wote wa mwamba, au?"

"Nusu," akasema.

"Nusu," mdogo wake akarudia, akaandika kiganjani.