Sababu Iandikwe Pembeni

Kuna kitu kinapita ukutani bila kutoboa, kinaingia chumbani bila kupiga hodi, na ukikaa nacho hukioni, hukisikii wala hakinuki. Ukishindwa, toa mji. Ila wanafunzi waliojaa ukumbini siku ile wasingetoa mji, maana jibu lilibandikwa juu ya jukwaa kwa herufi kubwa: MIONZI. Yalikuwa mashindano ya sayansi ya nyuklia kwa shule za sekondari, timu kumi na mbili, watoto wawili wawili kila meza.

Meza ya saba alikuwepo Kiroboto. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa udogo wake na kwa kutotulia mahali pamoja. Mwenzake alikuwa binamu yake, ambaye shule nzima ilimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Nyuma kabisa, kwenye viti vya wazazi, baba yake Kiroboto, fundi mwashi, alikaa na saruji yake kwenye kucha kama mtu aliyeitwa kituoni kujieleza.

Baba na binti walikuwa wamepatana jambo moja. Jumatatu ilikuwa siku ya kuchagua masomo. Kiroboto alitaka fizikia, aje kuendesha mashine za mionzi zinazotibu saratani, katika hospitali ileile ambayo mama yake alipiga deki korido zake. Baba alitaka akajifunze kushona kwa shangazi yake, mama yake Redio. "Lete ushindi," alisema, "nijue hii fizikia si ndoto za mchana. Ukikosa, Jumatatu unakwenda kwa shangazi yako, na tusisumbuane."

Msimamizi, mhandisi mwanamama mwenye miwani kwenye kamba, alisoma kanuni polepole. Kila meza ina masanduku manne yaliyofungwa. Ndani ya moja kuna kitu chenye mionzi kidogo. Litafuteni kwa dakika kumi na tano.

"Anzeni kwa kupima hewa tupu, mbali na masanduku. Atakayeingia na kitu chake chenye mionzi, nje. Na hapa hakuna kufuta. Namba ikiwa mbaya, ikate kwa mstari mmoja, sababu iandikwe pembeni. Namba haina kosa. Kosa lina mwenyewe."

Filimbi ikalia.

Kipima mionzi, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kilianza: tik, tik-tik, tik. Redio alishika saa. Kiroboto alihesabu dakika nzima, midomo ikimcheza. Hamsini na nane. Akaandika kwa wino. Sanduku la kwanza, sitini na moja. La pili, sabini. Akarudia la kwanza: arobaini na nane.

"Hiki kitu kimelewa," Redio alinong'ona.

"Nyamaza, hesabu sekunde."

"Nahesabu. Wewe ndiye unayepwaya."

Meza ya sita msichana mmoja akamwinamia mwenzake. "Hewa tupu, ishirini na moja. Andika."

Kiroboto akaacha kuandika. Hewa ni ileile, haibagui meza. Hata nyumbani, walipofanya mazoezi kwa kipima cha shule, hewa tupu haikuwahi kupita ishirini na tano.

Akarudi nyuma hatua mbili. Tik-tik-tik. Akageukia dirishani. Vilevile. "Shika," akamwambia Redio, "unyooshe mkono mbali na mimi." Kipima kikatulia papo hapo, tik moja moja, kama bomba lililofungwa vibaya. Akasogea karibu. Kikaanza kupayuka.

Kitendawili kingine hicho: anapiga yowe la mwizi, na mwizi ni yeye.

Mkono ukaingia mfukoni mwa sweta. Kipande cha gazeti. Ndani yake utambi wa karabai ya zamani ya babu, kile kifuko cheupe cha nyuzi kinachowaka ndani ya kioo, kilichotiwa madini yenye mionzi kiwake kwa nguvu. Asubuhi alikuwa akiufanyia mazoezi ya mwisho, mama akaita mara ya tatu, naye akautumbukiza mfukoni badala ya kuurudisha kwenye kopo lake.

Redio aliuona uso wa binamu yake, akaliona gazeti, akanyoosha kiganja.

"Nipe. Naomba ruhusa ya chooni, nautupa, narudi. Tuna dakika saba."

"Na ile namba?"

"Namba gani?"

"Hamsini na nane. Ishaandikwa."

"Ikate. Sema mkono ulitetemeka. We Kiroboto, hapa si mahakamani."

Akakata mstari mmoja. Wazo la Redio lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomtisha. Nani angejua? Kule nyuma baba alikuwa amerefusha shingo kama anayetafuta mgeni stendi. Pembeni ya karatasi palikuwa peupe, pakimngoja. Dakika sita. "Mkono ulitetemeka": maneno mawili tu, yangetosha. Lakini mkono ukitetemeka hauongezi thelathini na saba juu ya ishirini na moja ya hewa tupu. Na siku moja mgonjwa atakuwa amelala chini ya mashine, namba imekataa, na yeye ameshika kalamu hivihivi.

Akaandika: *Utambi wa karabai mfukoni mwangu. Niliusahau.*

Kisha akanyoosha mkono juu.

Mhandisi alikuja, akasoma, akausogezea utambi kipima. Kikapayuka. "Huu hautamdhuru mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kanuni haiangalii ukubwa. Wekeni kalamu chini, wanangu."

Redio alitazama dari. "Choo kiko pale tu," alisema.

Ikashinda meza ya sita. Kiroboto naye alipiga makofi, viganja vikimuuma. Watu walipoanza kutoka, baba alifika mezani, akaichukua ile karatasi, akaisoma kwa kidole kama asomavyo ramani ya nyumba.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Na wewe Redio?"

"Mimi nilibanwa na haja, mjomba."

Baba aliguna. "Nina vibarua kumi kazini. Ukuta ukipinda, huyu anasingizia mchanga, yule anasingizia jua. Sijampata bado wa kusema, fundi, kamba yangu ya timazi ndiyo mbovu." Akairudisha karatasi mezani. "Jumatatu chagua fizikia. Shangazi yako nitamkabili mwenyewe, Mungu anisaidie."

Kiroboto aliichukua karatasi, akaikumbatia kifuani.

"Sasa, lilikuwa sanduku gani?"

"Sijui, baba. Sikupata hewa tupu ya kweli."

"Yaani nimekalia kiti kile kigumu saa nzima, na jibu sina?" Akamgeukia mhandisi aliyekuwa akikusanya vifaa. "Samahani, mama. Mmeshamtoa, sina ugomvi. Lakini tunaweza kupima tu, tujue?"

Mhandisi alitazama saa, akatazama viti vilivyokuwa vikirundikwa. Akakirudisha kipima mezani; utambi alikuwa ameuacha jukwaani.

Baba akavua saa yake, akaishika kwa mikono miwili. "Anza na hewa."

Ishirini. Kiroboto akaandika nyuma ya karatasi. Sanduku la kwanza, kumi na tisa. La pili, ishirini na mbili. La tatu, ishirini na moja.

"Basi ni la nne," alisema Redio. "Twendeni."

Baba alimnyamazisha kwa kidole, macho yasitoke kwenye saa.

"Bado halijapimwa," alisema.