Surua Haingoji Majibu

Mtoto alipofungua kinywa, nilijua. Macho mekundu, kikohozi, upele ulioanzia nyuma ya masikio ukashuka shingoni, na ndani ya mashavu vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Niliwahamishia yeye na mama yake chumba cha pembeni, nikafungua madirisha, nikamtoa mtoto damu ya kupeleka maabara. Kisha nikauliza mtoto anasoma wapi. Mama akataja chekechea ya dada yangu.

Dada alifika hata sijamaliza kunawa mikono; mama wa mtoto alikuwa ameshampigia. Huyu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, akanisuka, akanichapa, na akanishika mkono hadi mlangoni mwa chuo cha utabibu. Chekechea aliianzisha sebuleni kwake, na wiki hiyo alikuwa anangoja wakaguzi waje kumpa kibali.

Hakupindapinda maneno. Alitaka ningoje majibu ya maabara kabla ya kutoa taarifa wilayani. Haraka haraka haina baraka, alisema, na mwenye akili hapigi yowe kabla hajamwona mwizi. Kwa methali dada hashindwi. Nikamjibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na safari hii wana wenyewe wamejaa darasani. Hakucheka.

Nilikasirika, sifichi. Hata miongoni mwetu wa kazi hii wengine wana kosa hilo hilo: wanadhani kutoa taarifa ni kushtaki, basi wanakaa kusubiri ushahidi. Sheria inataka shaka tu. Majibu yakirudi, surua itakuwa imeshabisha hodi kwa kila mtoto asiyechanjwa mtaani.

Nikampigia afisa wa magonjwa wa wilaya palepale, dada akinitazama. Nikataja umri wa mtoto, dalili, na chekechea kwa jina lake. Afisa akasema timu ya chanjo itafika kesho asubuhi, na shule ifungwe kwanza.

Nilipokata simu, dada alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa. Nilijiandaa kusimangwa kwa yote aliyonifanyia tangu siku niliyonyonya chupa mikononi mwake. Nikamuuliza, kwa upole sasa, ni watoto gani hawakuonekana shuleni wiki hii. Akataja wawili, kisha akauvuta mtandio begani.

"Na mjukuu wangu," alisema. "Ana homa tangu juzi. Macho yamekuwa mekundu hivyo hivyo. Nilimkataza mama yake asimlete hapa."

"Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu ungepiga simu."

Nilichukua mkoba, nikatia ndani vitamini A ya kumlinda macho mjukuu wetu, nikamwambia dada atangulie nyumbani kufungua mlango.