Hapa Jikoni Hakuna Boi

Mimi mume wangu namwita Baba Nyambeki, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Kwetu Kisii mke aliyefunzwa na mama yake hamtaji mumewe kwa jina, hata nyumba ikishika moto. Utamwita baba wa fulani, au utakohoa mpaka ageuke. Basi usiniulize jina lake sasa. Wakati ukifika utalisikia, na utajua kwa nini nilivunja adabu ya mama yangu mchana kweupe.

Baba Nyambeki alikuwa mpishi kwenye bangalo la meneja, katika shamba la chai juu ya Roret. Aliingia jikoni mle akiwa kijana, akaota mvi mle mle. Miaka yote hiyo Mzungu alimwita kwa neno moja tu: Boi. Boi wa jikoni alikuwa yeye, na boi wa bustani alikuwa Johana, jirani yetu Mkipsigis mwenye wajukuu. Ikiitwa "Boi!" kule ndani, wazee wawili wanatoka mbio.

Utaniambia, aa, mama, hilo ni neno tu. Neno tu! Kwa Kiingereza chao maana yake ni mvulana, mtoto. Kwetu ambaye hajatahiriwa anaitwa omoisia. Huyo ni mtoto, hata akiwa na ndevu. Hasemi mbele ya watu, wala hapewi mke. Ukimwita hivyo mtu aliyepita jandoni, umemvua nguo sokoni. Hata kwa Wakipsigis ni vivyo hivyo. Johana alikuwa akisema kwao neno hilo lingemtoa mtu meno. Lakini kwa Mzungu walilimeza, wangefanya nini? Mzungu alikuwa na ngazi yake ya watu: yeye juu, Mhindi katikati, sisi chini. Vyoo vya ofisi ya shamba vilikuwa na milango mitatu, kila rangi na mlango wake, imeandikwa wazi.

Uhuru ukaja. Ile milango ikapakwa rangi ya kijani. Lakini mvua ya huku hunyesha karibu kila alasiri, na milango ikilowa, yale maandishi ya zamani yanachungulia chini ya rangi. Baba Nyambeki alikuwa akirudi kutoka huko anacheka, anasema, "Bado yanasomeka." Mimi sikuona cha kuchekesha.

Halafu, mwaka wa sitini na nane, tukasikia kwamba meneja msaidizi anayekuja ni Mwafrika. Na si Mwafrika yeyote, ni Kebaso, mtoto wa kijijini kwetu. Yesu wangu, nilipiga kigelegele peke yangu! Kebaso huyu alipotahiriwa alikuwa hana baba, alishakufa. Aliyesimama nyuma yake alfajiri ile ya baridi, akamshika mabega asitikisike mbele ya kisu, alikuwa mume wangu. Mtu aliyekushika hivyo ni baba yako mpaka kaburini. Yeye ndiye shahidi kwamba wewe si mtoto tena.

Kwa hiyo Baba Nyambeki alipiga pasi kanzu yake ya kazi mpaka nikamtania, "Kwani unaenda kuoa mwingine?"

Akasema, "Huyu ananijua, Mama Nyambeki. Sasa nitaitwa jina langu katika nyumba ile."

Ni hilo tu alilotaka. Hakutaka cheo, hakutaka bangalo. Alitaka kuitwa jina lake kazini kabla hajafa.

Kebaso akafika, akapewa chumba mle mle bangaloni huku nyumba yake ikitengenezwa. Siku ya kwanza meneja alimkaribisha chai barazani pamoja na Wazungu wengine. Mimi nilikuwa mlango wa nyuma nikichambua mboga, kwa kuwa niliitwa kusaidia. Niliwasikia wakicheka, na Kebaso akicheka kuwashinda. Kisha nikasikia sauti yake, ameifanya nene kama yao:

"Boi! Chai imekwisha!"

Mume wangu alikuwa ameshika birika. Alisimama pale pale, birika katika mikono ile ile iliyomshika mtoto wa watu asitikisike. Nikadhani hatakwenda. Akasema, "Ndiyo, bwana," akaenda.

Jioni hakugusa chakula. Mimi nilikuwa nawaka. Nikamwambia naenda sasa hivi nikamkamate ile tai yake, nimwulize alizaliwa na nani. Akanizuia.

"Mzungu akiniita hivyo nilijiambia hajui anachosema," alisema. "Huyu anajua. Damu yake ilidondoka miguuni pangu." Kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na mimi nikalia naye, wala sioni haya kusema.

Asubuhi yake nilikuwa nasugua sufuria pale jikoni. "Boi!" ikaja kutoka mezani. Baba Nyambeki alikuwa anakata mkate. Akaendelea kukata. "Boi!" Akakata kipande kingine. Nikasikia kiti kikisukumwa, na Kebaso akaingia jikoni.

"Hunisikii?"

"Nimesikia, bwana. Lakini hapa jikoni hakuna boi. Yupo mtu mmoja, na wewe jina lake unalijua."

Kebaso akatazama nyuma, akafunga mlango. Akashusha sauti, akaanza kwa Kikisii, "Tata, nisaidie. Mimi ndiye wa kwanza kuketi pale. Nikikuita baba mbele yao, wataniambia niende nikaketi na baba."

Tata ni baba. Mlango umefungwa, ni baba. Mlango ukifunguliwa, ni boi! Nilitaka kumrushia lile sufuria, Mungu anisamehe. Baba Nyambeki akamwambia tu, "Basi nitangoja mpaka uweze." Akarudi kwenye mkate wake.

Lakini hakupewa nafasi ya kungoja. Meneja alikuwa pale mezani, amesikia akiitwa bila kuitika, akasema mpishi aitike kama alivyoitika siku zote, au aondoke. Na nyumba ya kambi ni ya mfanyakazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Baba Nyambeki akaja kuniuliza. Aliniuliza mimi, kwa sababu paa lilikuwa letu sote. Nikamwambia, "Tufunge vitu."

Johana alitusaidia kupakia kwenye trela la trekta lililokuwa linateremka barabara ya Sotik. Vitanda, magunia, kuku, jiwe langu la kusagia. Wachuma chai walikuwa wamesimama na vikapu mgongoni, wengi wao Wakisii wenzetu, wanatutazama. Hapo Landrova ya meneja ikaja ikasimama. Kebaso akashuka, akamsogelea mume wangu, akainama karibu na sikio.

"Tata," alisema kwa Kikisii, polepole. "Nenda kwa amani, tata."

Baba Nyambeki akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Sema kwa Kiswahili, mwanangu," akamwambia. "Sema kwa sauti, wasikie."

Kebaso akageuka akaitazama Landrova. Meneja alikuwa ametoa kiwiko dirishani, anangoja. Watu wote tulingoja. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwombea, ndiyo, mimi niliyetaka kumpiga na sufuria, nilimwombea aseme. Akaufunga. Akarudi garini akitazama chini.

Mume wangu akabaki amesimama barabarani, mikono mitupu, kama mtu aliyesahau anakokwenda. Moyo ulinikatika. Nikajiuliza, ataondoka hivi? Jasho lake lote amelimwaga hapa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kulitamka jina lake mahali hapa kwa sauti?

Nikasimama juu ya magunia, nikasema moyoni, mama, nisamehe.

"Momanyi!"

Wachuma chai wa Kisii wakaziba midomo. Mke anamtaja mumewe, tena njiani, tena mbele ya watu wa kwao na Mzungu! Injini ya Landrova ilikuwa inanguruma, nami nikapaza sauti juu yake.

"Momanyi! Panda twende nyumbani."

Akaniinulia uso. Akavua kofia.

"Naam," aliitika, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka katika bangalo lile. Akapanda.