Leo Natafsiri Mwenyewe

Miaka miwili Retno aliishi Denmaki na mumewe Jeppe, aliyemtafsiria kwa Kiindonesia maneno ya mama mkwe. "Mama anasema asante kwa chakula," Jeppe alikuwa akimwambia, naye Retno akitabasamu. Kumbe Retno alikuwa akijifunza Kidenmaki kwa siri, na kila tusi la mkwe ambalo Jeppe alilificha, alilielewa.

Siku ya kuzaliwa ya mama mkwe, mbele ya wageni, bibi yule alionja rendang, nyama ya viungo ya Kiindonesia aliyoipika Retno, akanung'unika. Jeppe akaanza, "Mama anasema..."

"Nyamaza, mume wangu. Leo natafsiri mwenyewe," Retno akasema kwa Kidenmaki safi. "Mama amesema nyama hii hata mbwa angeisusa. Jumapili aliniita kijakazi wa kununuliwa. Nimekosea wapi, mama?"

Uso wa mkwe ukaiva. Wageni wakainamia sahani. Retno akajipakulia tena, akala taratibu, kwa raha zake.